Nafasi ya Vidole Vinne

Miezi miwili mizima Anaclet alishuka na kupanda bonde la Kanyaluhi kwa miguu, asubuhi akiwa na nyundo begani, jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kila alipofika katikati ya ngazi za udongo alisimama kupumzisha magoti. Miaka hamsini na minane si mingi kwa mtu anayekaa ofisini kule Ibanda. Kwa fundi mwashi ni mingi sana. Juu yake daraja refu la barabara kuu lilikuwa limelala kwenye nguzo zake tano, tupu, bila hata baiskeli, na chini yake nusu ya Bukavu ilikuwa ikipita matopeni kwa sababu daraja lilikuwa limefungwa.

Nusu hiyo ya Bukavu ilikuwa na hasira. Malori ya bia na saruji yalizunguka kwa njia ya mlimani na kukwama huko. Wanawake wa sokoni waliteremka bondeni na mabeseni kichwani, wakavuka kijito juu ya magogo mawili, wakapanda ng'ambo wakihema. Kila mtu alikuwa na mchawi wake: wajenzi wa zamani walikula saruji, serikali ililala, malori yanabeba kupita kiasi. Anaclet aliyasikia yote, akanyamaza. Alikuwa amechoka uchovu ule wa kuona hata kufungua mdomo ni kazi.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwamo mkewe, Séraphine, aliyeuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, katika soko la Nyawera. Séraphine alichechemea mguu wa kushoto. Wenzake walishuka bonde kwa robo saa, yeye alishuka kwa nusu saa na zaidi, na aliporudi jioni aliutumbukiza mguu huo katika maji ya moto.

Kazi ya kulitengeneza daraja iliongozwa na mhandisi aliyeitwa Micheline, mzaliwa wa hapohapo, aliyesomea Kinshasa. Alikuwa mfupi, viatu vyake vya kazi vilimzidi, na kofia ngumu ilikaa juu ya misuko yake kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Angeweza kuwa binti wa Anaclet, lakini mafundi wote walimwita maman ingénieur, na si kwa mzaha.

Wiki ya kwanza aliwakusanya juu ya daraja, upande wa mjini, akawaeleza ugonjwa.

"Pont iko inatembea," alisema, akionyesha daraja lenyewe. Mafundi wakacheka. "Mucheke tu. Jua ikiwaka, inarefuka. Baridi ikiingia, inajikunja. Njo maana kila mwisho bajenzi baliacha nafasi ya vidole vine, pont ipate kwa kupumulia. Sasa muangalie hapa. Mutu alijaza béton."

Akapiga kisigino juu ya zege lililojaa ufa ule.

"Pont ilitafuta pa kwenda, ikakosa. Ikasukuma ukuta. Na huku ukuta iko juu ya udongo, basi ikapasuka, na nguzo ya kwanza ikainama. Si malori, si bajenzi. Ni huyu mutu wa béton. Alifikiri anasaidia."

Wote wakacheka tena, na Anaclet akacheka nao. Mtu wa zege alikuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Zamani nafasi zile zilifunikwa kwa sahani za chuma. Usiku mmoja sahani zikaibwa, zikaishia kwa wafua majembe, na ufa ukabaki wazi kama mdomo. Magurudumu ya pikipiki yalinaswa, visigino vya wanawake vilikatika. Séraphine, aliyekuwa akivuka kila alfajiri na beseni kichwani, asiweze kutazama chini, alilalamika kwa mumewe wiki nzima, na mumewe alisema ataona. Mpaka siku mguu wake ulipozama humo. Mfupa ukavunjika juu ya kifundo. Sambaza wote wakamwagika kupitia ufa uleule hadi bondeni, na watu wa chini, ambao hawakujua kilichotokea juu, waliwaokota wakimshukuru Mungu.

Mtaa uliandika barua ya kuomba sahani mpya. Ukaandika ya pili. Ya tatu Anaclet aliipeleka mwenyewe, akaambiwa arudi Jumatatu, na Jumatatu akaambiwa mwenye muhuri amesafiri. Ndipo Jumamosi ya salongo, siku ambayo kila mtaa hutoka kufanya kazi ya pamoja, watu walipotaka kufagia mifereji kama kawaida, Anaclet akasema leo hatufagii. Akatoa mifuko sita ya saruji aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya sakafu ya nyumba yake. Akapigilia mbao chini ya ufa ili zege lisianguke, wakachanganya, wakamwaga, akasawazisha kwa mwiko wake mwenyewe. Zege likiwa bado bichi akaandika kwa msumari: SERAPHINE 2013.

Nani asingefurahi? Pikipiki zilipita bila kuruka. Chifu wa mtaa alitoa hotuba. Watu walianza kumwita Papa Pont, na jina hilo lilimvusha milango ambayo fundi maskini havuki: alikaa viti vya mbele kwenye ubatizo, aliitwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Wiki mbili baadaye watu wa ng'ambo walimfuata, wakasema na sisi je, sisi si watu? Akaenda, akajaza na ule wao, mbao chini, zege juu, jina la mkewe tena. Miaka ilipita, upande wa ng'ambo ukawekewa lami mpya, na jina likalala chini ya lami. Sakafu ya nyumba yake ilibaki udongo mpaka leo. Mafundi wa kazi hii walitoka mitaa mingine na hawakuijua habari hiyo, na wale waliochanganya zege naye hawakutaka kujitaja.

Na sasa binti mwenye viatu vikubwa alikuwa anamwambia kwamba kazi njema kuliko zote alizofanya maishani ndiyo iliyoua daraja.

Alipangiwa kubomoa zege la upande wa mjini pamoja na Hugues, fundi wa vyuma wa miaka thelathini na kitu, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Siku ya tatu, chini ya uchafu wa mafuta na tope, herufi zikajitokeza. Hugues akazifuta kwa kiganja.

"Séraphine," akasoma. "Papa Anaclet, huyu Séraphine ni nani?"

"Sijue," alijibu Anaclet.

Akainua nyundo kubwa na kuyapiga yale maandishi mpaka yakawa kokoto. Miaka thelathini na mbili amelala kitanda kimoja na mwanamke huyo, amezaa naye watoto watano, na amesema hamjui, mchana kweupe. Jioni hiyo alishindwa kumtazama akila. Aliona haya mpaka kwenye masikio.

Siku zikasonga. Ukuta uliopasuka ukashonwa kwa nondo mpya, nguzo iliyoinama ikavishwa koti la zege, na mvua kubwa zikawa zinakaribia. Wakubwa walikuwa wanampigia Micheline simu mara nne kwa siku kumuuliza daraja litafunguliwa lini, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Jumanne aliwakusanya mafundi tena.

"Alhamisi tunaenda ng'ambo," alisema. "Tutanyanyua mwisho wa pont kwa jeki, sentimeta moja tu, tubadilishe mipira ile inalalia. Batu bane bataingia pale katikati, kati ya ukuta na pont. Nafasi ni ndogo, mutaingia kwa ubavu. Hugues njo ataongoza."

Anaclet aligeuka akatazama ng'ambo. Akajikaza.

"Na joint ya kule, ile nafasi ya kupumulia, maman ingénieur? Uliiangalia?"

"Niliangalia. Chini kuna mbao tu, ile bajenzi ba zamani balisahau kutoa. Na ule ukuta hauna hata ufa moja. Iko libre, haina kitu ndani."

Ukuta ule haukuwa na ufa kwa sababu ulikaa juu ya mwamba. Mwamba haukukubali kusukumwa, ndiyo maana uchungu wote ukaja upande wa udongo. Anaclet hakuwa amesoma, lakini jambo hilo alilielewa palepale, kama mtu anayeelewa maumivu ya mwili wake. Mbao zile alizipigilia yeye. Juu ya mbao kulikuwa na zege la nusu mita, limeng'ang'ania daraja huku na ukuta kule. Jeki zikinyanyua daraja, kichwa cha ukuta kitang'oka pamoja nalo, na chini ya kichwa hicho watakuwamo watu wanne, wamebanwa kwa ubavu.

Angeweza kusema palepale. Hakusema. Alifungua mdomo, akaona nyuso za wenzake, akasikia moyoni jina lile la Papa Pont, akaufunga. Njiani alijitetea kwamba kesho bado ipo. Aliwaza hata kwenda kuungama kwa padri, lakini si padri atakayeingia kwa ubavu chini ya daraja. Jumatano nayo ikapita hivyohivyo, anabeba mchanga, anakwepa macho ya Micheline na utani wa Hugues.

Jioni alimkuta Séraphine amekaa mlangoni, mguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akakaa kando yake juu ya kigoda, akamweleza yote bila kupamba: zege, mbao, jeki, watu wanne. Akamweleza hata kwamba alimkana mbele ya Hugues. Hilo ndilo lililomtoa jasho.

Séraphine hakushtuka. Aliendelea kuukanda mguu.

"Papa Mireille," alisema, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza kama alivyofanya siku zote, "nilijua toka siku ile balisema joint njo imefungwa. Kwani miye sikukuwaka pale? Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe."

"Nikisema, batu batanitukana mpaka kwenye kaburi. Hata weye batakutukana, kule Nyawera."

"Batanitukana." Akautoa mguu, akaufuta kwa kitenge. "Huyu Hugues iko na batoto bangapi?"

"Bane."

Séraphine akainuka. Akamwaga maji, akaingia ndani kupakua chakula.

Alhamisi asubuhi ukungu wa ziwa ulikuwa bado haujaondoka bondeni. Jeki nne zilikuwa zimepangwa, mabomba yameunganishwa, na Hugues na wenzake watatu walikuwa wamekwishavaa kofia na kusimama penye mwanya, wakingoja amri. Micheline alikuwa na karatasi mkononi. Anaclet aliteremka ngazi ya mbao kutoka juu, magoti yakimlilia, akaenda akasimama kati yake na pampu.

"Mungoje," alisema. "Batu batoke pale."

"Kuna nini, Papa Anaclet?"

"Joint haiko libre. Iko imejaa béton, nusu metre. Miye njo nilijaza. Huku na kule, miye njo nilijaza yote mbili."

Pampu ilizimwa. Micheline alimtazama kama mtu aliyeambiwa neno kwa lugha asiyoijua. Kisha akapanda juu mbio, viatu vikimgonga, Anaclet akimfuata, na akaagiza lami ikatwe mahali padogo kama sahani ya kulia. Chini ya lami kukaonekana zege, gumu, safi, limesawazishwa vizuri kweli. Juu ya zege hilo ikaonekana herufi S.

Micheline alikaa chini juu ya mfuko wa saruji. Akaivua ile kofia ngumu.

"Miezi mbili," alisema hatimaye. "Miezi mbili uko na miye kila siku, na unaniangalia. Ningeua batu bane, Papa Anaclet. Miye. Kwa mukono yangu."

"Ni kweli."

"Juu ya nini haukusema?"

Anaclet alikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Alikuwa na barua tatu, mwenye muhuri aliyesafiri, mfupa wa mkewe. Yote aliyasema, kwa ufupi, na alipokuwa akiyasema aliona kwamba yalieleza kwa nini alijaza ule ufa, lakini hayakueleza kwa nini alinyamaza. Kwa hiyo akaongeza la mwisho.

"Balikuwa bananiita Papa Pont. Nililipenda lile jina."

Hakuna aliyecheka. Hugues alikuwa amepanda na kusimama nyuma, kofia mkononi, uso umekuwa wa kijivu. Akaisogelea ile herufi, akaitazama, akamgeukia Anaclet.

"Kumbe Séraphine unamujua," alisema. Akaenda zake kukaa mbali, na siku hiyo hakufungua tena mdomo, yeye ambaye hata akila huwa anasimulia.

Micheline hakumfukuza. Wengine walisema ni huruma, lakini haikuwa huruma.

"Utabomoa weye," alimwambia. "Hii yote. Nataka mutu mwenye anajua mbao zinakaa wapi."

Alibomoa siku tisa. Mashine ilikata kingo, lakini katikati, karibu na chuma cha daraja, ilibidi iwe nyundo na patasi, kidogokidogo, akiwa amepiga magoti kama mtu aliyepewa kitubio. Habari ilikuwa imekwishafika Nyawera kabla ya sambaza wa siku ile. Siku tisa za kuchelewa zilikuwa siku tisa za matope kwa nusu ya mji, na mji ulijua sasa wa kumlaumu. Waendesha pikipiki walimpa jina jipya, Papa Alifunga, na walilitamka wakipita, kwa sauti tamu. Chifu wa mtaa, aliyetoa hotuba mwaka ule, alisema hakumbuki hotuba yoyote. Anaclet alipokea yote. Jambo la ajabu ni kwamba usiku alilala, na hakuwa amelala vizuri toka kazi ilipoanza.

Siku ya tisa, kimebaki kipande cha mwisho, kile chenye jina zima, Séraphine mwenyewe alikuja. Watembea kwa miguu walikuwa hawajaruhusiwa, lakini hakuna aliyemzuia. Alitoka upande wa mjini, akachechemea daraja zima na beseni tupu kwapani, akafika alipopiga magoti mumewe. Mafundi wakaacha kazi. Hugues akamletea ndoo aikalie, asiikalie.

Alilisoma jina lake.

"Liko lizuri," alisema. "Uliandika vizuri."

"Maman Mireille, unisamehe."

"Ya kufunga, nilisamehe zamani. Haukujua. Hakuna mwenye alijua." Sauti yake haikupanda. "Lakini nikuambie kitu moja, juu miye pia nimechoka. Miye sikukuombaka ufunge pont. Ile wiki yote, mbele ya kuanguka, nilikuombaka unishikiye mukono asubuhi tuvuke. Ni dakika mbili. Ulisema umechoka, utaona."

Anaclet alikumbuka. Alikumbuka hata blanketi alilojifunika akisema vile. Miaka kumi na moja alikuwa amejisimulia habari ya barua tatu na mifuko sita ya saruji, na katika masimulizi hayo yote hakuna mahali ambapo mkewe alikuwa ameomba kitu kidogo namna ile. Machozi yalimtoka mbele ya mafundi, yakachanganyika na vumbi, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa michafu zaidi.

Séraphine akainama, akachukua patasi, akamwekea penye herufi ya kwanza.

"Maliza," alisema. "Batu bapite."

Daraja lilinyanyuliwa, mipira ikabadilishwa, likashushwa polepole bila mlio. Mchana wa jua kali Micheline aliwaita waone: asubuhi vidole vinne viliingia katika ile nafasi, saa nane vikaingia vitatu tu. Hugues alijaribu na vyake, akatikisa kichwa, akamsogelea Anaclet akamwambia, "Kumbe inatembea kweli," na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake toka Alhamisi ile.

Watu waliruhusiwa kabla ya magari. Vifuniko vipya vya chuma vilikuwa bado vimekwama njiani, wakasema mwezi mmoja, kwa hiyo ubao mwembamba uliwekwa juu ya kila nafasi, ukitikisika chini ya mguu. Asubuhi ya kwanza, kabla ya jua, Anaclet aliamka na mkewe. Akatembea naye mpaka mwanzo wa daraja, akamshika mkono, wakavuka ubao wa kwanza. Wakatembea daraja lote pamoja na umati wa mabeseni, wakavuka na wa pili. Kijana wa pikipiki akapaza sauti, "Papa Alifunga," na Séraphine akamjibu kwamba ndiyo, ndiye huyu, apishe njia. Halafu Anaclet akarudi peke yake kazini. Alifanya hivyo kila siku kwa mwezi mzima.

Vifuniko vilifika. Vilifungwa kwa skrubu nene ambazo mwizi angehitaji wiki kuzitoa, na juu yake mtu angeweza kupita amefumba macho. Kesho yake alfajiri mvua ilikuwa inanyesha. Anaclet alikuwa chini ya blanketi, magoti yakimuuma, hana kazi ya kuwahi tena, na daraja halikuwa na tundu hata la kuingiza sambaza. Akasikia beseni likipanda kichwani kwa mkewe. Akasikia mlango ukifunguliwa. Hakusikia ukifungwa. Alipoinua kichwa alimwona Séraphine amesimama kizingitini, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine umening'inia tu, mtupu, akingoja.

Alikuwa amechoka kweli. Akavaa viatu.